Ndugu zangu wanataka shamba lote liuzwe, na ekari yangu ndiyo yenye njia

Shikamoo mshauri,

Naomba jina langu lisitoke, maana huku kwetu tunajuana na kaka zangu husoma safu hii.

Mimi ni mama wa miaka 43, fundi cherehani, naishi Moshi mjini na mume wangu na watoto watatu. Kwetu ni Machame. Tumezaliwa watano, mimi ni wa tatu na ndiye binti pekee. Mama bado yupo juu kihambani, yaani shamba la nyumbani la ukoo lenye ndizi na kahawa. Mbali na kihamba, marehemu baba alikuwa na shamba la chini, ekari tano, upande wa Hai, si mbali na barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha. Kabla hajafariki alituita wote, akaita na balozi wa nyumba kumi na majirani wawili, akatugawia ekari moja moja. Yakaandikwa kwenye daftari, tukasaini. Wapo walioguna kuona mtoto wa kike anapewa sawa na wa kiume, lakini baba alishasema.

Ekari zimefuatana kwa mstari. Yangu ndiyo ya mbele, imegusa barabara ya changarawe, na mfereji unaingia kwangu kwanza, ndipo uteremke kwa kaka zangu na kwenda kwenye mashamba ya watu wengine huko chini. Baba alinipa ya mbele makusudi, ili nisije nikaomba njia kwa mtu.

Ninailima. Masika napanda mahindi na maharage, kiangazi nyanya na vitunguu kwa maji ya mfereji. Nikitoa mbegu, mbolea, dawa na hela ya kibarua, hunibakia kama milioni moja na laki nane kwa mwaka. Mahindi tunayokula nyumbani sijayahesabu hapo. Kaka zangu hawalimi. Wawili wanakodisha kwa msimu, ya mmoja imekuwa pori, ya mdogo wangu wa mwisho naisaidia kidogo.

Sasa kaka mkubwa ameleta mnunuzi kutoka Arusha anayetaka kupima viwanja. Anatoa milioni 45 kwa kila ekari, ila azipate zote tano. Nikikataa mimi, anasema zile nne za ndani hazina njia, labda atoe milioni 18 kwa kila moja. Kaka mkubwa ameshapokea milioni tano za awali. Kaka wa pili ana mtoto chuo kikuu na ada inamsumbua. Mdogo wangu ana deni la matibabu ya mke wake, na huyo ndiye anayeniumiza roho, kwa sababu hajanitukana hata siku moja, ananiangalia tu.

Wiki iliyopita nilikwenda shambani nikakuta vigingi vyenye rangi nyekundu vimepigwa katikati ya maharage yangu, na mistari miwili imekanyagwa. Nilipopiga simu kaka akasema ni vya kuangalia tu.

Mume wangu anasema tuuze tumalizie nyumba yetu ya Pasua, imesimama kwenye linta. Wifi yangu ametangaza kwenye kikundi cha familia kwamba mimi ni mchoyo na nimekalia riziki za watu. Mama anasema, "Baba yenu alisema ardhi haiuzwi, lakini mimi sitaki kusikia wanangu wanagombana, fanyeni mnavyoona." Viwanja vya jirani, mita 20 kwa 25, vinauzwa milioni 14 kimoja. Na kuna maneno kwamba barabara ile itawekwa lami.

Mnunuzi anataka jibu mwisho wa mwezi. Je, kweli mimi ni mchoyo? Nifanye nini?

Mwenye ekari ya mbele, Moshi

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nilisimama kwenye vile vigingi. Mtu ameingia kwenye shamba lililoota, akapima bila kukuuliza, halafu wewe ndiye unayeulizwa kama una choyo. Ninakuelewa kwa nini umeumia. Naelewa pia kwa nini macho ya mdogo wako yanakuumiza kuliko maneno ya wifi.

Kwa nilivyokuelewa, mambo yamefungwa pamoja na kila mtu anavuta kamba moja. Kaka mkubwa anavuta bei, kaka wa pili na mdogo wako wanavuta shida zao, ambazo ni za kweli, mume anavuta nyumba, na mama anavuta amani. Wewe umebaki na ekari, neno la baba, na tarehe ya mtu mwingine. Tuyafungue taratibu.

Nianze na hilo la choyo, kwa sababu naona limekukaa. Ndugu zako wanasema umekalia riziki yao. Wewe pengine moyoni unasema ekari ni yangu, nina haki. Naomba pande zote mbili mtazame jambo moja. Ekari za ndani bila njia yako ni milioni 18, pamoja na njia yako ni 45. Hapo ni milioni 27 kwa kila moja, milioni 108 kwa zote nne. Hiyo tofauti ni ya nani? Haijatoka kwako peke yako, maana ekari yako ikiwa peke yake haimtoshi anayetaka kupima viwanja vingi. Haijatoka kwao pia, maana bila wewe wamefungiwa. Imetokana na kuwa pamoja. Kwa hiyo kuigawa ni jambo la kukaa na kuzungumza, na anayeomba mazungumzo hajawa mchoyo. Lakini nikuulize nawe kwa upole: ukisema "sitaki" bila kusema unataka nini, mdogo wako atajuaje kwamba si yeye unayemkataa?

Pili ni hiyo bei. Umezoea kulipima shamba kwa kinachotoka shambani, na hata mimi nimelelewa hivyo. Milioni moja na laki nane kwa mwaka ni kama asilimia nne ya milioni 45. Mtu wa mahesabu atakuambia fedha hizo ukiziweka kwenye hatifungani za serikali, yaani ukiikopesha serikali ikulipe riba, utapata zaidi ya hapo bila kushika jembe. Ni kweli, ila hesabu yake ina mapengo. Hajahesabu mahindi mnayokula. Hajahesabu kwamba shilingi hupungua nguvu na ardhi ya karibu na barabara kuu kwa kawaida hupanda. Na kubwa zaidi, milioni 45 si bei ya nyanya zako. Mnunuzi halipii udongo wala mfereji, analipia nyumba zitakazokuja kesho na ukaribu wa barabara. Ndiyo maana shamba linalolimwa na lile pori la kaka yako yamewekewa bei ile ile.

Mama zetu na baba zetu waliishi wakati mwingine. Kihamba kilikuwa na thamani kwa sababu ya ndizi na kahawa. Kahawa iliyopitia KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa 1933, ndiyo iliyosomesha watu Kilimanjaro. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgawo wa kahawa duniani ulivunjika, bei ikaporomoka, na wengi wakaanza kung'oa mibuni wakapanda mboga au kujenga. Hata sheria ilikwenda polepole: Sheria ya Ardhi ya 1999 ilizuia kuuza ardhi isiyoendelezwa, mpaka marekebisho ya 2004 yalipofungua mlango. Nakwambia haya kwa sababu ya neno la baba, "ardhi haiuzwi". Jiulize alikuwa analinda nini. Kama alikuwa analinda chakula na kuwa na mahali pa kurudi, huenda kuna njia ya kulinda hayo hata mkiuza sehemu. Kama alimaanisha udongo wenyewe usitoke mikononi mwa ukoo, hilo ni jambo lingine, na aliyelala naye chumba kimoja miaka yote ndiye anayeweza kukueleza. Mama amewaambia mfanye mnavyoona. Nadhani amechoka na kelele, lakini hajaulizwa swali lenyewe. Panda Machame peke yako, bila kaka, bila mume, umuulize.

Sasa tuchukue kalamu, maana hapa ndipo wengi wetu huogopa. Ekari tano ni kama mita za mraba 20,200. Mpima akitoa barabara za ndani na maeneo ya wazi, tuseme inaondoka robo hadi theluthi. Zinabaki kama 14,000. Kwa viwanja vya 500 kama vya jirani, ni viwanja 28. Kwa milioni 14, jumla milioni 392. Mnunuzi anawapa 225. Katikati kuna milioni 167.

Usikimbilie kusema mnaibiwa. Ndani ya 167 kuna gharama za mchoro wa mipango miji na idhini ya halmashauri, kubadili matumizi kutoka kilimo kwenda makazi, upimaji na mawe, kuchonga barabara, kuvuta maji na nguzo, madalali na kodi. Kuna na muda, ambao watu huusahau. Viwanja 28 haviuzwi siku moja. Vingine vitakaa miaka, na fedha yake imelala pale. Kinachobaki ndicho faida yake na malipo ya kuhatarisha. Lakini sasa unajua kwamba 45 haikuteremka kutoka mlimani ikiwa imeandikwa kwenye jiwe. Kuna nafasi ya kuzungumza. Na hiyo ya "mwisho wa mwezi" ni tarehe aliyoiweka yeye. Ardhi haiozi kama nyanya.

Kabla ya mazungumzo yoyote kuna karatasi. Nina wasiwasi na zile milioni tano. Kaka amesaini nini? Anaweza kuahidi ekari yake tu. Kama amejiandika msemaji wa familia kwa ekari tano, mnunuzi anaweza kuja kudai jambo ambalo ninyi wanne hamkulikubali. Omba uione karatasi hiyo, kwa adabu, mbele ya ndugu wengine. Kisha lile daftari la baba liko wapi, na balozi na majirani wale wawili bado wapo? Baba akishagawa akiwa hai mbele ya mashahidi, hoja yenu ni kwamba kila mmoja anamiliki chake. Mtu akibisha, akasema shamba bado ni la marehemu, itabidi apatikane msimamizi wa mirathi mahakamani kwanza, na hapo hakuna anayeruhusiwa kuuza hata hatua moja. Na kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji lazima ihusishwe. Kuhusu kuguna kwa watu kwamba wewe ni mwanamke, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Hapo usitetereke.

Njia ziko zaidi ya mbili, ingawa nyumbani kwenu naona mnazungumza "ndiyo" na "hapana" tu.

Mnaweza kuuza wote pamoja kwa bei mpya, lakini mkubaliane ninyi kwa ninyi kabla ya kumwita mnunuzi: mtagawana sawa, au wa mbele aongezewe kidogo? Familia nyingi huvunjika baada ya hela kuingia, si kabla. Hatari yake unaijua, ukishauza umeuza. Nyumba zikishasimama hakuna anayebomoa apande vitunguu, na lami ikija utaiangalia ukiwa kwenye daladala. Ingawa hizo habari za lami nazo zichukue kwa uangalifu. Wauzaji wa viwanja wamezisikia kabla yako, na sehemu yake iko kwenye ile milioni 14 tayari.

Mnaweza kupima wenyewe. Mnatafuta kampuni ya upimaji iliyosajiliwa, kila ndugu anapata viwanja vyake, mwenye shida anauza kimoja leo, asiye na shida anakaa navyo. Kwa karatasi ndiyo njia yenye fedha nyingi. Ila gharama zinatangulia mauzo, na ninyi mna mmoja mwenye deni na mmoja mwenye ada. Tena inahitaji mtu mmoja anayeaminiwa na wote kushika hesabu, na kwa hali ya sasa sijui kama mnaye. Wewe unajua.

Kuna ubia: mwekezaji anapima kwa gharama zake, anawarudishia sehemu ya viwanja badala ya fedha zote. Mnabaki na kitu kinachopanda. Lakini hati zikipita kwa jina lake kwanza, anaweza kuziweka rehani benki, na nimeshapokea barua za watu waliokwama hapo. Bila wakili wenu wenyewe, si wa kwake, njia hii naiogopa kwa niaba yenu.

Halafu iko moja ambayo sijaona mtu ameitaja. Wanachokosa kaka zako ni njia. Ekari yako ikiwa ya mraba ni kama mita 64 kwa 64. Ukitoa ukanda wa mita 10 pembeni mwa shamba kwa barabara, ni mita za mraba 640. Unabakiwa na zaidi ya 3,400, na ekari nne za ndani zinapata njia. Ukanda huo unaweza kuuuza, au ukabadilishana na kiwanja kimoja au viwili huko ndani, au ukampa mdogo wako sehemu ya malipo yake, hilo ni la moyo wako. Unaendelea kulima.

Isikupendeze haraka, nayo ina magumu yake. Mnunuzi anaweza kusema bila sehemu ya mbele hataki, au akashusha bei. Na kulima katikati ya nyumba si kama kulima leo: mbuzi, watoto, wizi wa nyanya, majirani wanaolalamikia harufu ya dawa. Eneo likishageuka la mji kutakuja na kodi ya pango la ardhi na maswali kwa nini hujaendeleza. Kaka zako nao watasema, na si uongo, kwamba nyumba zao za nyuma ndizo zitakazopandisha thamani ya mbele yako bila wewe kutoa shilingi.

Jambo moja linahusu watu ambao hawako kwenye kikundi chenu cha familia. Umeandika kwamba mfereji ukitoka kwenu unaendelea kwa mashamba ya watu wengine chini. Hao wanakula kwa maji hayo. Mkipima viwanja bila kuacha njia ya mfereji, mtu atajenga ukuta juu yake, na ugomvi utakaokuja hautakuwa wa ndugu watano tena. Njia yoyote mtakayochagua, mfereji uonekane kwenye mchoro. Wazungumzeni na wanaousimamia kabla mpima hajarudi. Ningekuwa karibu ningekwenda nawe.

Kuhusu mume wako, simlaumu mtu mwenye nyumba kwenye linta, kila mvua inapiga tofali zake. Lakini ekari hiyo umepewa na baba yako, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu mke kuwa na mali yake. Kabla shamba halijageuka bati na saruji ya Pasua, muulize kwa utulivu kiwanja kile kimeandikwa jina la nani, na kama jina lako litaingia. Akijibu vizuri, umepata mwenzako wa kufikiri naye. Akikasirika, nalo ni jibu.

Usifanye kikao kwenye simu. Kwenye kikundi kila mtu huandika akiwa na hasira na wifi ana hadhira. Ombeni mkutane kihambani kwa mama, watano tu, na kama balozi aliyeshuhudia bado ana nguvu, awepo. Nenda na hesabu zako kwenye karatasi. Waambie unachoogopa, waulize kila mmoja anahitaji kiasi gani na lini. Huenda mtakuta kwamba deni la mdogo wako ni dogo kuliko ekari, na linaweza kulipwa kwa njia nyingine wakati ninyi mnafikiri kuhusu ardhi. Hata kukodisha mashamba yote ya ndani kwa pamoja, lile pori likisafishwa, kunaweza kuanza kupunguza ada ya chuo. Haitaimaliza, najua.

Mpaka kikao kifanyike, usisaini kitu, hata kile cha "kuonyesha nia" tu. Mnunuzi akikupigia mwambie familia itamjibu kwa pamoja. Vile vigingi usiving'oe kwa hasira. Vipige picha na tarehe, kisha mweleze mwenyekiti wa kijiji kwamba viliwekwa bila ridhaa yako, aandike.

Niandikie tena ukishazungumza na mama. Ningependa kujua alisema nini kuhusu lile neno la baba, kwa sababu nadhani baada ya hapo utakuwa na swali tofauti na hili uliloniletea leo.